Kiti Nilichopewa Murara
Sisi makarani wa Bukavu, bisi ilituzungusha Goma tangu asubuhi: ziwa, Munigi, mawe ya volkano. Jioni kiongozi akasema bado baa ya gramafoni, kule Murara. Mimi sikutaka tena dansi, nilitaka kiti. Wenzangu wakatangulia, nikaingia uwanja wa kwanza wenye vicheko, nikijua ndiyo baa.

“Karibu papa, tulikungoja sana,” mama mumoja akasema, akanipa kiti cha mbele na murija wa pombe ya ndizi. Kumbe baa za Goma zinaheshimu mutu!

Muzee mumoja akasimama. “Tunaomba binti yenu kwa kijana wetu. Mutatupa?”

Mupumbavu mimi, nikadhani ni muchezo wa kufurahisha wageni. “Mumukamate hata leo!”

Vigelegele vikapanda. Halafu mutu mwenye vumbi la safari akasimama mulangoni.

“Baba mukubwa wa binti ni mimi, ndiyo nafika toka Masisi. Huyu aliyegawa mutoto wetu ni nani?”