Yai Nililokula Mbele ya Balozi

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta na magoti na vifundo vya mikono vilivyovimba. Asubuhi nyingine sikuweza hata kujifunga kanga. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na kijiji chetu, juu ya Lushoto, kilikuwa na shamba la pamoja. Mwanamke asiyeshika jembe aliitwa mvivu waziwazi.

Mama mkwe alinichemshia mizizi. Mume wangu akaniletea vidonge vya maumivu kutoka dukani. Sikugusa chochote, nilishuka kliniki kwanza.

Muuguzi alinibonyeza viungo taratibu. "Huu ni ugonjwa, si uvivu," alisema. "Vidonge vya dukani acha, na mizizi acha. Kinachokutuliza wewe kinaweza kumdhuru mtoto. Tumia dawa atakayokuandikia daktari wetu hapa tu, wala usiiache kwa maneno ya watu. Chakula hakitakuponya, ila kitakupa nguvu: maharage, mchicha, dagaa, matunda. Na mayai, yaive vizuri."

Mayai! Kwetu yalikuwa mwiko kwa mjamzito. Mama mkwe aliponikuta nikichemsha la kwanza, alilitupa nje pamoja na maji yake. Kesho yake nikachemsha jingine. Basi akanishtaki kwa balozi wa nyumba kumi.

Wazee walikaa barazani. Niliwaamkia wote shikamoo, maana heshima sikuikataa.

"Umekataa dawa ya mama?" balozi aliuliza.

"Ndiyo, baba. Nimeikataa."

"Na mayai unakula?"

Nilikuwa nalo moja ndani ya kanga, limeiva tayari. Nililigonga kwenye ukingo wa benchi, nikalimenya kwa shida kwa vidole vyangu vigumu, nikalila lote mbele yao. Kisha nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, nakuheshimu. Lakini tumbo hili nalibeba mimi. Mizizi sinywi."

Balozi alikohoa, akasema kliniki ni ya serikali, nani abishane nayo? Kesi ikaishia hapo, kwa woga wake, si kwa haki yangu.

Uvimbe haukuisha. Kuna siku niliamka nalia. Ila kliniki sikukosa, na mvua za vuli zilipoanza nikajifungua mtoto wa kike, mzima wa afya. Baadaye viungo viliwaka upya, na mama mkwe ndiye aliyemwogesha mtoto hadi mikono yangu ilipopata nguvu. Hakusema hata siku moja kwamba alikosea. Mimi nami sikumwomba radhi.