Salamu ya Kifundo cha Mkono

Binti yangu Riziki, mtu mzima mwenye nyumba yake Ukunda, bado hunisalimia kwa kifundo cha mkono. Mimi nimestaafu uuguzi, nakaa Gazi, na mikono yangu sasa haigusi kitu kichafu kuliko magamba ya samaki.

Siku yangu ya kwanza wodini, sista mkuu, aliyesimamia wauguzi wote, hakunionyesha mgonjwa. Alinipeleka kwenye mfereji. Nikasugua viganja kwa sabuni, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye vifundo. Nilipomaliza nikafunga maji kwa kiganja.

"Mfereji uliufungua kwa mkono mchafu," akasema. "Sasa umeurudia uchafu wako. Anza tena, na ufunge kwa kiwiko."

Baadaye nilihamishiwa wodi ya kutengwa, wanakolazwa wenye maradhi ya kuambukiza. Kipindupindu kilipoingia tulivaa glovu na aproni za plastiki, tukapangusa vitanda kwa klorini, na jamaa za wagonjwa wakawa wanasalimia kutoka dirishani. Mzee mmoja wa Taru hakuwa na mtu hata wa dirishani. Kila nilipomtundikia dripu, yale maji ya kupitia mshipani, alitaka nimpe mkono. Nilimpa, ndani ya glovu.

"Binti yangu, mimi hata ng'ombe mgonjwa simshiki kwa mpira," aliniambia. Tulicheka, lakini mkono hakuuachia.

Nyumbani, Riziki angali mdogo, alikuwa akinikimbilia mlangoni. Nilikunja kiganja nikampa kifundo, kama afanyavyo mtu aliyekutwa akila, kisha nikaenda kuoga. Nilipotoka, mara nyingi alikuwa ameshalala. Kipindupindu hakikuingia nyumbani kwangu, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Wiki niliyostaafu, Riziki alikuja kunitazama. Nilimnyooshea kiganja. Alikitazama, akatabasamu, akanipa kifundo.

"Nimezoea hivi, mama. Si wewe uliyenifunza?"

Nikakunja kiganja, nikampa kifundo changu.

Sasa amejifungua mtoto wa kike, na siku za uzazi amelelewa kwa mama mkwe wake. Ijumaa anatimiza siku arobaini tangu ajifungue, atakuja naye Gazi. Jana alipiga simu kuuliza kama maji ya mfereji yanatoka huku. Nikamwambia yanatoka, na sabuni ipo. Kama atanipa mtoto nimpakate, hakusema, nami sikuuliza.