Nipige Nao

Juzi, kwenye mazoezi ya wavu hapa Getanuwas, binti mmoja alinirudishia mpira polepole, kama ananikabidhi yai. Nikajua anaogopa kumpiga mkubwa.

Nami niliogopa hivyo hivyo kwenye uwanja huu huu, mchana ule uliojaa vumbi na harufu ya samadi, kamba ya katani ikiwa ndiyo neti yetu. Ng'ambo ya kamba alisimama kocha mgeni, mama aliyewahi kucheza Olimpiki. Mimi nilidhani Olimpiki ni wilaya, mbele ya Singida.

“Nipige nao,” alisema.

Niliudondosha mpira. “Shikamoo.”

“Marahaba. Sasa nipige.”

Baba mdogo, aliyekuwa akichunga ng'ombe kando ya uwanja, alifoka, “Mtoto wa kike hampigi mtu mzima.”

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaruka, nikapiga. Mpira ulimpata kocha kifuani, paa. Nikangoja fimbo. Yeye akauokota, akaniletea mkononi.

“Rudia.”

Sijawahi kuomba radhi kwa mpira ule.

Juzi baba mdogo alikuwepo, mzee sasa, ameegemea fimbo yake, anatutazama. Nilimwamkia kwa heshima zote, kisha nikamgeukia yule binti.

“Nipige nao,” nilimwambia.