Mgongo wa Mchuma Chai

Juzi, kwenye foleni ya hospitali hapa Nyeri, mama mchuma chai kutoka Tetu alikuwa akimsimulia mwenzake habari za mgongo wake.

"Pasta aliniambia nisamehe wifi yangu, Mungu ataniponya. Na tulikuwa hatusalimiani tangu matanga ya mama mkwe! Nikaenda kwake na mkate na maziwa, tukaomba, tukalia."

"Na mgongo?"

"Hauumi tena! Nimekuja kuonyesha daktari." Akainama, akagusa viatu, akainuka akicheka. "Yeye alinikataza tu kubeba kikapu cha majani chai. Ati nani angenibebea?"

"Na sasa nani anabeba?"

"Wifi."

Pasta na daktari wagawane sifa wapendavyo. Mimi nataka kujua mgongo wa wifi unaendeleaje.