Baiskeli Iliyofungwa Kwenye Mpapai

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Likoni, mwanangu, mpapai wa Bibi Mwanajuma ulipoanguka na baiskeli yangu ikaondoka.

Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki. Niliacha shule niwalee wadogo zangu, na baiskeli hiyo ndiyo iliyotulisha, maana kila asubuhi niliitumia kusambaza mikate madukani. Ikipotea, tunalala njaa. Kwa hiyo nilitafuta mnyororo mnene na kufuli kubwa kama la godauni. Nikaupitisha mnyororo kwenye gurudumu na fremu, nikauzungusha kwenye mpapai wa uani, nikafunga, nikaenda kuswali kifua mbele.

Mwizi hakuhangaika na kufuli. Aliukata mpapai kwa panga, akauvua mnyororo kwenye kisiki. Ila gurudumu halikuzunguka, ikabidi aibebe baiskeli mabegani. Masikini, alitokea njiani wakati sisi tunatoka msikitini, watu tele.

"Kulikoni, kijana?" mzee mmoja akamwuliza.

"Pancha, mzee."

"Pancha gani hiyo inatiwa kufuli?"

Akaitupa, akatimua mbio, na ndara moja akatuachia.

Nikarudi nyumbani na baiskeli yangu, nikichekelea. Bibi Mwanajuma, mwenye nyumba wetu, alikuwa amesimama kando ya kisiki, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Bibi. Baiskeli imepatikana!"

"Marahaba. Na mapapai yangu je, yamepatikana?" Akanyanyua lile kufuli. "Dude lote hili, wallahi, halafu unalifunga kwenye mti ambao hata mimi naukata kwa kisu cha vitunguu! Mwizi hashindani na kufuli, mjukuu wangu. Anatazama umelifungia wapi."

 Tangu jioni ile baiskeli ililala chumbani, imefungwa kwenye nondo za dirisha. Mdogo wangu alilalamika kwamba pedali inamchoma mbavu. Nikamwambia ajifunze kulala ubavu wa pili.

Basi, mwanangu, baiskeli yako ilaze ndani, hata kama chumba ni kidogo. Funga fremu na gurudumu pamoja, kwenye chuma kilichojengewa ukutani. Kufuli litie mafuta, hewa ya bahari inalila. Na usione haya kubanana na kitu kinachokulisha.

Mola akupe riziki ya halali na ukuta imara wa kuihifadhi, na wadogo zako wasilale njaa ukiwa hai. Amin.