Kiganja Kwenye Kitambaa cha Manjano

Ningesema "Hapana, mjomba," pengine ningetiwa adabu kwa fimbo mbili tatu na mambo yangeishia hapo. Nilisema "Sawa, mjomba." Leo nina mvi mpaka kwenye nyusi, na bado nalisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, jepesi kama pumba.

Lilinirudia juzi kwa sababu ya mjukuu wangu wa kike. Alikuwa ametwanga manjano, akajifuta kwenye kanga ya mama yake, kisha kwa kuogopa kugombezwa akakimbilia kuifua. Nikamsikia ananiita uani kwa sauti ndogo: "Babu, njoo. Kanga inatoka damu." Povu la sabuni lilikuwa limegusa doa la manjano, na doa likawa jekundu. Nikamwambia alete ndimu. Tulipoikamulia, wekundu ukaondoka, akacheka. Mimi niliingia ndani nikafungua sanduku langu.

Wewe ambaye hukuijua Ruponda ya utotoni mwangu, njoo nikuonyeshe. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinuka moshi mkali wa maganda, ule unaowasha macho na koo. Mafuta ya ganda yalitubabua vidole, na watoto tulicheka tukivuana ngozi kama nyoka. Nilikaa na bibi, mama wa mama yangu, aliyenilea tangu mama afariki. Hakusoma hata siku moja, lakini mambo ya uchachu na uchungu aliyajua kwa mikono. Aliloweka mihogo michungu mpaka ichachuke ndipo aianike. Nikimharakisha kwa njaa, alisema, "Uchungu haufukuzwi, unasubiriwa utoke wenyewe."

Kazi yake niliyoipenda zaidi ilikuwa ya magadi. Alichoma maganda ya kunde, akajaza majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, akamimina maji juu, kisha tukasikiliza. Tone. Tone. Yale maji ya rangi ya chai ndiyo yaliyolainisha mlenda wetu kila jioni. Yalimkausha viganja vikapasuka nyufa ndefu ambazo hazikupona kamwe. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita "mume wangu". Nilipokwenda kuanza sekondari Nachingwea mjini alisimama njiani akasema, "Haya, mume wangu, umeniacha mjane."

Maabara yetu ya shule ilikuwa chumba chenye meza mbili na chupa zilizofutika majina. Karatasi za kupimia asidi ziliisha, basi mwalimu wa kemia akachovya karatasi za kawaida kwenye maji ya manjano, akazianika dirishani. Zikiguswa na magadi, majivu au sabuni zinakuwa nyekundu. Zikiguswa na ndimu, siki, hata ile asidi inayokuunguza kifua ukicheua, zinarudi manjano. Alitufundisha kwamba hata pumzi yetu ina uasidi kidogo. Kisha akasema jambo ambalo nililiandika daftarini bila kulielewa: "Karatasi haijui mwema wala mbaya. Inajua kilichoigusa tu."

Nilirudi likizo na ujuzi huo, nikiwa na miaka kumi na sita na kiburi cha kutosha watu wawili. Nilimkuta mjomba ana hasira. Korosho zilikuwa zinaibwa ghalani kwake, kidogo kidogo, na mlango hauvunjwi. Kwetu Wamwera mjomba ni zaidi ya baba. Nilimwonyesha karatasi zangu nikitaka sifa, naye akazitazama, akaniuliza kama naweza kutengeneza kubwa, ya kitambaa.

"Mwizi hashikwi kwa rungu," aliniambia. "Anashikwa kwa woga. Tutasema kitambaa kinamjua. Atakayekataa kuweka mkono, ndiye."

Nilijua ni uongo. Nikasema sawa.

Tulichovya shuka jeupe kwenye manjano, likakauka, tukalitandika juu ya kitanda cha kamba uani kwake. Asubuhi nilikuwa nimelijaribu pembeni kwa majivu na kulisafisha kwa ndimu, na nusu ya ndimu hiyo ilibaki mfukoni mwangu. Baada ya sala ya alasiri watu wakaja. Mjomba alijipaka magadi kidoleni kwa siri, akagusa kitambaa mbele yao, alama nyekundu ikatokea. Akasema hivyo ndivyo mkono wa mwizi utakavyoonekana.

Wakajipanga mstari. Kila mmoja alichovya mkono kwenye beseni la maji, akaukandamiza kwenye shuka. Fundi baiskeli, jirani yetu, alijaribu kuchangamsha: "Mimi niliiba mboga ya mke wangu juzi. Kitambaa, hilo nisamehe." Akaweka mkono. Manjano. Wakacheka, wakashusha pumzi. Mmoja baada ya mwingine, manjano. Hakuna aliyekimbia wala aliyekataa, na nikaona mjomba anaanza kuona aibu.

Ndipo bibi akatoka jikoni kwake, upande wa pili wa ua. Hakuna aliyemwita. "Nami nimekula korosho za mwanangu," alisema, "nisije nikabaki nyuma." Alichovya mkono kwenye beseni, akauweka, akanitazama akitabasamu.

Zilianza nyufa. Mistari myembamba myekundu ilitambaa kwenye kitambaa kama mizizi inayotafuta maji, kisha ikakutana, na kiganja kizima kikajaa. Alipouinua mkono, mwingine ulibaki pale chini, mwekundu, wenye vidole vyote vitano.

Nilielewa papo hapo. Chungu chake cha majivu kilikuwa kinadondoka nyuma ya jiko. Tone. Tone. Nilikuwa nayo ndimu. Maji yake yalikuwa yamepenya kaptura na yalinichoma kwenye mchubuko wa paja. Ningeikamua juu ya alama ile mbele ya watu wote, nikasema maneno manne: ni magadi ya mlenda. Lakini mjomba alinitazama, na macho yake yalinisihi nisimuumbue. Sikuutoa mkono mfukoni.

Mwanamke mmoja alisema taratibu kwamba huyu si mwizi wa korosho, huyu anaingia bila kufungua mlango. Hapo wizi ukageuka uchawi. Wakasema anyolewe, kama wanyolewavyo wachawi. Kesho yake alinyolewa kichwa mbele ya watu, na mjomba, mtoto wake wa kumzaa, alijifungia ndani. Ajabu ni kwamba wizi ulikoma siku ileile, na haukurudi tena. Watu wakasema, mnaona.

Jioni ya siku hiyo nilimkuta bibi ameketi mbele ya jiko lisilo na moto, anageuzageuza kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Nilidhani atalia. Aliniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Mtu anaweza kuiba akiwa usingizini, mwenyewe asijijue?"

Hakuniita mume wangu. Nami nikamjibu kwamba sijui.

Kabla likizo haijaisha alijitwika chungu chake akaenda kwa ndugu zake Nandagala, kule Ruangwa. Walimjengea kibanda mbali na nyumba zao. Nilijiambia nitakwenda likizo ijayo nimweleze. Nikajiambia hivyo likizo nne. Ya tano nilikuta matanga yameshapita.

Siku hizi hakuna anayedondosha majivu. Magadi yananunuliwa dukani, mlenda unaiva upesi, na ule mlio wa tone siusikii popote isipokuwa kichwani. Mjomba alipofariki, mjane wake alinipa lile shuka. Nililiweka sandukuni. Mara ya kwanza nilipolifungua kiganja kilikuwa cha kahawia. Miaka baadaye kilikuwa hafifu, lazima ujue pa kutazama. Juzi, baada ya ile kanga, nilikitafuta tena. Nililipeleka shuka dirishani, nikaligeuza pande zote. Hakuna mkono. Hewa imeingia sandukuni na uasidi wake mdogo, ule wa pumzi za watu, ikafanya polepole kazi ambayo mimi ningeimaliza kwa nusu ndimu.

Kitambaa kimemsafisha bibi yangu, naye hayupo kukiona. Alikufa peke yake Nandagala akiamini kwamba aliiba, na mtu pekee aliyekuwa na ndimu ya kuonyesha kwamba mkono wake ulikuwa safi nilikuwa mimi.