Shavu la Dada Yangu

“Haya, msomi, humu ndani mna nini?”

Dada yangu aliniuliza hivyo akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake hapa mtaani Umoja, ameshika kichupa kidogo kinachofanana na cha dawa ya macho. Kilikuwa na karatasi yenye maandishi ya kigeni nisiyoweza hata kuyakisia, na chini yake maneno machache ya Kiingereza yaliyoahidi ngozi changa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na kwa muda mrefu asubuhi ile nilikuwa nimemhubiria kuhusu bidhaa bandia. Aliponikabidhi kichupa nikakigeuza, nikakiinua kwenye mwanga, nikakitikisa. Kilikuwa na kitu cheupe, kizito kidogo. Nikamrudishia.

“Hujui,” akasema. “Basi usinipigie kelele.”

“Kwani wewe unajua?”

“Mimi najua nilikokinunua.”

Kwake hilo lilikuwa jibu tosha, na mtu wa mitaa yetu ataelewa kwa nini. Dada yangu anauza nywele za kusuka, zile za pakiti, za kila rangi na urefu. Biashara yake yote inasimama juu ya desturi moja: hapa kwetu mwanamke hununua nywele zake mwenyewe, akazipeleka saluni, akamlipa msusi kwa kazi ya mikono tu. Tunafanya hivyo kwa kila kitu. Kitambaa unanunua wewe, fundi anashona. Rangi ya nyumba unanunua wewe, mpakaji anapaka. Hata hospitalini mgonjwa hutumwa duka la dawa la ng’ambo ya barabara akalete glavu na maji ya kutundikwa. Fundi akiachiwa kununua, atanunua hafifu. Ukinunua mwenyewe, umejilinda.

Kwa hiyo dada aliposikia kwamba kuna saluni kule Tassia ambako kila Jumamosi huja mwanamke wa kudunga sindano za kujaza mashavu na midomo, na kwamba mteja anaruhusiwa kuja na dawa yake, aliona huo ndio usalama wenyewe. Alikwenda mjini kwa mfanyabiashara wa vipodozi aliyemfahamu kwa miaka, akachagua, akarudi na kichupa chake kwenye mkoba.

Alichotaka kujaza ni kishimo kilichokuwa kwenye shavu lake la kushoto, karibu na taya. Alikuwa nacho tangu utotoni, kutokana na jipu lililomtoka akiwa bado shule ya msingi. Ngozi ilikuwa imevutwa ndani pale, kana kwamba kuna mtu anaishika kwa upande wa pili. Mara mojamoja kilitoa tone la majimaji, akalipangusa kwa karatasi, sote tukasema ni chunusi. Mimi nilikuwa nimekizoea hata sikukiona tena. Yeye alikiona kila siku. Ndiye mwanamitindo wa duka lake: akipokea nywele mpya husukwa yeye kwanza, akapigwa picha, zikatumwa kwa wateja. Katika picha zote hizo, mamia ya picha, hakuna hata moja inayoonyesha upande wa kushoto.

“Uso niliouzaa mimi una ubaya gani?” mama alimuuliza alipopata fununu. Mama alikuwa karani wa shule hadi alipostaafu, na bado huuliza maswali kama anayesubiri uinue mkono kabla ya kujibu.

“Hauna ubaya, Mama.”

“Basi sindano ya nini?”

Dada akaenda kuchemsha chai.

Jumamosi ile nilimwambia namfuata Tassia, atake asitake. Nilimtarajia abishe. Akasema tu, “Vaa viatu twende.”

Saluni ilikuwa imejaa. Wanawake walikaa kwenye benchi refu chini ya kioo, kila mmoja na mkoba mapajani, na ndani ya baadhi ya mikoba nilijua mna vichupa. Kulikuwa na furaha ya siku ya harusi mle. Mmoja wao, mwenye duka la mitungi ya gesi, alikuwa anawachekesha wengine.

“Mimi nataka midomo ambayo mzee wangu akirudi atauliza huyu mgeni ni nani.”

“Mzee wako hajakutazama tangu Krismasi,” akajibiwa. “Utadungwa bure.”

“Atanitazama tu. Ama atalala kwa mlinzi.”

Mdungaji alikuwa chumba cha ndani, kile cha kutengenezea nyusi, na pazia lilikuwa wazi. Alivaa koti jeupe. Wote walimwita daktari. Alikuwa mchangamfu, mwenye sauti ya upole, na ningependa kuandika kwamba alionekana tapeli, lakini hakuonekana hivyo. Alionekana kama mtu anayependa kazi yake.

“Karibu kiti, mrembo,” akamwambia dada. “Umekuja na yako? Safi. Lete.”

Alikitazama kichupa kwa muda mfupi kuliko dada anavyoitazama pakiti ya nywele anayorudishiwa na mteja. Akaanza kupangusa shavu.

Mimi nikaanza kuuliza: alisomea wapi, alisajiliwa wapi, dawa hii ni aina gani. Akacheka. “Huyu ni dada mdogo ama ni polisi?” Benchi lote likacheka naye. Mwenye mitungi akasema, “Mpeni kiti, mguu usimuume akiandika taarifa.” Nikahisi uso unawaka. Kila swali langu lilimfanya yeye aonekane mtulivu na mimi nionekane mtoto.

Ndipo dada akaushika mkono uliokuwa umebeba pamba, taratibu, akaushusha.

“Ngoja kwanza. Na ukikosea, unafumua na nini?”

“Unasema?”

“Msusi akikosea anafumua, anaanza upya. Wewe ukikosea unafumua na nini?”

“Aa, mimi sijawahi kukosea, mrembo.”

Kicheko kikakatika benchini. Kila mwanamke kwenye benchi lile alikuwa amesukwa. Kila mmoja wao aliwahi kukaa nusu siku akifumuliwa, tena na wasusi hodari. Dada alimtazama yule mwanamke, bila hasira.

“Sijawahi kuona msusi asiyefumua,” akasema. “Nimewauzia wengi.” Akachukua kichupa chake, akamshukuru, akainuka.

Tukiwa nje nilitaka kumkumbatia. Akanionya kwa jicho. “Usifurahi sana. Shavu bado nalitaka lijae.”

Hapo ndipo nilipomwona dada yangu kama wateja wake wanavyomwona. Alimtafuta daktari jinsi anavyotafuta wa kumuuzia mzigo: haraka hana, aibu hana. Mimi nilimwonyesha kwamba majina ya madaktari waliosajiliwa nchini yako wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuyatafuta kwenye simu. Aliyatafuta. Alipiga simu kliniki moja baada ya nyingine akiuliza nani hasa atakayeshika sindano, si nani mwenye jina mlangoni. Kliniki moja ilimwambia aje tu, ataelezwa akifika. Aliiweka kando. Nyingine ilimpa punguzo ikiwa angeamua siku ileile. “Bei ya kukimbizana,” akasema, akakata.

Aliyempata mwishowe alikuwa daktari wa ngozi, mwanamke wa makamo. Jambo la kwanza dada alilofanya ni kumwekea kichupa mezani.

“Daktari, humu mna nini?”

Daktari alivaa miwani, akakisoma alichoweza kukisoma. “Sijui,” akasema. “Na siwezi kujua kwa kutazama. Huenda ni kilichoandikwa, huenda ni kitu kingine. Huenda ni cha kupaka tu. Mimi siwezi kukudunga kitu ambacho sijui kilikotoka na kilivyotunzwa njiani.”

Nilipata amani ya ajabu kusikia mtu mzima, mwenye vyeti ukutani, akisema sijui bila kutetemeka.

Kisha akavaa glavu. Badala ya kulichunguza shavu kwa nje peke yake, akamwambia dada afungue mdomo. Akapitisha kidole kwenye fizi, huku kidole kingine kikibonyeza kishimo. Akauliza kama kinatoa majimaji. Dada akasema ni chunusi, mara mojamoja.

“Sidhani ni chunusi. Nenda kwanza kwa daktari wa meno, upigwe picha ya taya. Hapa sitagusa kabla ya hapo.”

Picha ilionyesha gego la chini lenye mzizi uliooza kimyakimya kwa miaka. Daktari wa meno, kijana mwenye maelezo mafupi, alituchorea kwenye karatasi: usaha ulikuwa umejitafutia njia kutoka kwenye mzizi hadi kwenye ngozi ya shavu, na njia ile ndiyo iliyokuwa ikiivuta ngozi ndani. Kama mtu angedunga dawa ya kujaza juu ya uambukizi kama ule, alisema, shavu lingeweza kuvimba na kuoza badala ya kujaa. “Jino hili lingeshughulikiwa mlipoliona jipu,” akaongeza, “kishimo kisingekuwepo.”

Dada aliikunja karatasi ile, akaitia mkobani. Halafu akasema, “Haya. Tulishughulikie sasa.”

Tulipotoka aliniambia jambo moja tu. “Habari ya jino, Mama asiisikie.”

Nilidhani hataki kelele. Nikakubali.

Jino lilitibiwa. Kishimo kikaacha kutoa majimaji, kisha taratibu kikapanda, si chote, lakini kiasi cha kwamba kivuli chake kilipungua. Baada ya miezi kadhaa tulirudi kwa daktari wa ngozi. Alimweleza dada kwamba anaweza kukiacha kilivyo. Anaweza pia kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuiachilia ngozi, ila abaki na alama. Au anaweza kudungwa dawa kidogo, ya aina ambayo ina dawa nyingine ya kuiyeyusha mambo yakienda mrama, na dawa hiyo ya kuyeyusha ilikuwa palepale kabatini, akatuonyesha. Alisema pia kwamba sindano ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, na katika sehemu fulani za uso hata jicho linaweza kupofuka. Ni nadra, lakini hutokea. Akamuuliza kuhusu makovu, kwa sababu ngozi zetu nyingine huotesha kovu nene, na kuhusu mimba na dawa anazotumia. Akamwambia aende nyumbani afikirie.

Njiani nilimwambia kwamba mimi ningekiacha. Jino limepona, kishimo hakionekani sana, kwa nini ajiingize kwenye hatari hata kama ni ndogo? Nilikuwa na hoja nyingi nzuri.

“Ulitaka niulize maswali,” akasema. “Nimeuliza. Sasa unataka pia kunijibia?”

Nimefundishwa kuhoji kila kitu, na pale nikaona ukomo wa kazi hiyo. Kuhoji ni haki yangu. Kuamua kulikuwa kwake, maana shavu ni lake.

Alidungwa wiki chache baadaye. Daktari alifungua boksi mbele yake, akamsomea jina la dawa na tarehe ya mwisho ya matumizi, akambandikia stika yake kwenye kadi ya kwenda nayo nyumbani. Nilikaa kando, mikono imebana magoti. Alivimba siku chache, akapoa. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba wateja wengi hawajaigundua. Wanamwambia tu amependeza, wanadhani ni nywele.

Picha iliyofuata dukani ilikuwa ya upande wa kushoto. Nywele zilikuwa za rangi ya kahawia iliyochanganywa na dhahabu, zimerudishwa nyuma ya sikio, na shavu lote liko mbele ya kamera kama lililokuwa likingoja zamu yake. Niliituma kwa kila mtu niliyemfahamu. Sijawahi kununua pakiti hata moja pale, kichwa changu kimenyolewa, lakini siku hiyo niliitangaza biashara ile kuliko mmiliki.

Wanawake wa benchi lile nao walianza kuja dukani. Mwenye mitungi ya gesi alikuja wa kwanza.

“Nipe namba ya huyo daktari wako anayefumua.”

“Utampata. Lakini utauliza mwenyewe, mimi sikuulizii.”

“Mama yangu! Duka la nywele limekuwa shule.”

Mama peke yake hakufurahi. Kwa zaidi ya mwaka alimpiga vijembe kuhusu urembo wa sindano, mezani, mbele ya wageni, hata siku moja mbele ya kasisi. Msichana wa kanisa, kujidunga ili apendwe na kioo! Dada alimimina chai, akamwongezea sukari. Nilimwambia zaidi ya mara moja: mwambie kuhusu jino, umalize maneno haya. Mwambie ulikuwa mgonjwa, si mpenda makuu. “Mwache,” alinijibu. “Wacha aseme.” Mtu ambaye hawezi kumwachia mteja shilingi bila kubishana alimwachia mama ashinde ugomvi ule kila Jumapili.

Sababu niliipata mwaka huu tu, mama mdogo alipotutembelea kutoka Machakos. Tulikuwa jikoni, mimi na yeye, tukichambua ndengu, naye akalisifu shavu la dada. Akasimulia jinsi jipu lile lilivyomvimbisha mtoto hadi jicho likafumba, baba yuko safarini na lori, zahanati imefungwa kwa mgomo, na jinsi mama alivyochemsha wembe, akamwambia dada ashike mguu wa meza, akalipasua mwenyewe. Mtoto alipata nafuu asubuhi, na hakuna aliyewaza tena kumpeleka kwa daktari. Hadi leo, aliniambia, mama hujisifu kwa jambo hilo akiwa na dada zake; nikayakumbuka maneno ya daktari wa meno, nikajua kwa nini dada alitaka habari ya jino Mama asiisikie.